Riwaya Aliyoipenda Bi Nukta

Mumewe alipofariki na binti yake wa pekee akaolewa ng'ambo, Bi Nukta alibaki na nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Jina hilo la utani alilipata katika kiwanda cha uchapaji, alikosahihisha miswada mpaka akastaafu. Wenzake walidai kwamba hata akisalimiwa, husubiri kwanza kuona salamu imeisha kwa nukta. Basi alipoombwa kuwa jaji wa tuzo ya riwaya, kazi ya kujitolea isiyo na malipo, alikubali papo hapo. Cheo hakukitaka, alitaka watu wa kuzungumza nao.

Majaji walikuwa watatu: yeye, mhadhiri wa chuo na mtangazaji wa redio. Mkutano wa kwanza Bi Nukta aliomba ufanyike kwake. Akafua mapazia, akatandika kitambaa cha meza cha wageni, akajaza chupa ya chai. Mara simu ikalia.

"Nisamehe mama, nimebanwa na kipindi," alisema mtangazaji. "Nitatuma alama zangu kwa simu."

Mhadhiri naye akaandika kwamba ana mitihani ya kusahihisha. Bi Nukta akanywa kikombe kimoja, chai iliyobaki akaimwaga.

Na mikutano iliyofuata ikawa vivyo hivyo, alama zinakuja, watu hawaji. Yeye akasoma. Miongoni mwa miswada ulikuwamo mmoja uliohusu ndugu wawili waliogombana, wakajenga ukuta katikati ya nyumba ya baba yao, wakaishi huku na huku bila kusemezana. Ulimchekesha hadi mbavu zikamuuma, kisha ukamliza. Akatamani amsimulie mtu, lakini jaji haruhusiwi kutaja miswada nje.

"Unasoma nini siku hizi, mama?" binti yake aliuliza kwenye simu.

"Siri ya serikali."

"Haya, jaji mkuu! Umekula lakini?"

"Nimekula," akasema, na jikoni moto haujawashwa tangu asubuhi.

Siku ya uamuzi wakakutana hatimaye, ofisini kwa katibu wa tuzo. Bi Nukta aliitetea riwaya ile ya ndugu wa ukuta kwa sauti iliyokwaruza kwa kukosa kutumika.

"Inachechemea, nakubali. Lakini inatembea. Hizi nyingine zimevaa viatu vizuri, zimesimama tu."

Mtangazaji akacheka, akamsifu. Mhadhiri akatazama saa. "Maneno yako matamu, mama, ila kura ni kura."

Wawili kwa mmoja, wengi wape. Wakapigwa picha, wakanywa soda, na kwenye ngazi kila mtu akashika njia yake.

Tuzo ilikuwa imeshatolewa na kusahaulika mhadhiri alipompigia.

"Shikamoo mama. Wale ndugu wa ukuta... mwishowe walizungumza?"

"Kwani hukumaliza kusoma?"

"Niliishia nusu, sitakuficha. Sasa kaka yangu amelazwa, na hatujasemezana naye miaka mingi. Niko hapa nje ya wodi, hadithi ile hainitoki."

Hasira zilimpanda Bi Nukta, zikashuka. Akavuta kiti, akaanza kumsimulia: jinsi mkubwa alivyokuwa akikohoa usiku, na mdogo upande wa pili akihesabu vikohozi, asipate usingizi vikikoma. Mhadhiri akawa anaitikia, "Ehe... ehe." Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mtu amsikilize hivyo.

"Mama, muuguzi ananiita. Nitapiga tena."

"Nenda, mwanangu."

Mwisho hawakuufikia. Siku ile hakupiga, wala iliyofuata. Bi Nukta alikuwa akiibeba simu hata akienda kuanika nguo. Alipojaribu kupiga yeye, simu ya mhadhiri haikupatikana. Akavaa miwani, akaandika ujumbe: "Walizungumza. Mdogo ndiye aliyeanza." Akautuma, akaitazama simu kwa muda.

Kisha akachukua kikapu akaenda sokoni, maana ndani hamkuwa na hata kitunguu.