Kiharusi cha Filda Kilianzia Pafuni

Saa tatu asubuhi. Filda Aol anapitisha shati la sare chini ya sindano, mguu wa kushoto ukikanyaga cherehani taratibu. Mkono wa kulia unachelewa kidogo, naye anausubiri bila haraka.

"Sasa unanisikia," anauambia mkono. "Zamani ulikataa kabisa."

Filda, 41, ni fundi cherehani katika kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, anakoishi na mumewe, Konstebo Obita. Miaka minane iliyopita alikuwa akishona hivi hivi sindano ilipomtoboa kidole.

"Naona damu, lakini sisikii uchungu. Nikataka kumwita Kavugho, maneno haitoki."

Kavugho, fundi mwenzake kutoka Kongo, aligeuka. "Nikaona mdomo yake inaenda upande. Nikapiga kelele, watu wakuje!"

Hospitalini waliambiwa ni kiharusi. Lakini Filda hakuwa na presha wala sukari. Majirani wakanong'ona kwamba amerogwa. Mama mkwe akataka apelekwe kwa mganga. Obita akakataa. Kwa miezi saba alimlisha mkewe, akamfunga vifungo vya gauni kila asubuhi kabla ya kwenda lindoni.

"Nilikuwa naona aibu," Filda anasema. "Mimi nashonea watu vifungo, yangu nafungiwa."

Jibu lilitoka kwa Dkt. Nafuna, aliyeona vidoa vyekundu kwenye midomo ya Filda, akamuuliza kama hutokwa na damu puani.

"Tangu utoto," Filda alijibu. "Hata mama alikuwa hivyo."

Daktari akashuku ugonjwa wa mishipa ya damu. Picha ya kifua ikaonyesha mshipa usio wa kawaida kwenye pafu la kushoto. Vimishipa vyembamba vya mapafu, daktari anaeleza, huchuja damu. "Mshipa wake huo ulikuwa njia ya mkato. Donge la damu lilipita bila kuchujwa, likafika kwenye ubongo."

Mwaka uliofuata, jijini Nairobi, madaktari walipitisha mrija mwembamba kutoka mshipa wa pajani hadi pafuni, wakaziba ule mshipa usio wa kawaida.

Ila tatizo hilo hurithiwa. Kaka yake Filda, Saverio, mwashi huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda, hutokwa na damu puani kila wiki na hataki kupimwa. Kwenye simu humwambia, "Hiyo ni damu ya kwetu tu. Mama aliishi nayo."

Filda anaacha kushona. "Mama alianguka shambani, hakuamka. Sisi tulisema ni jua."

Jumamosi atapanda basi kwenda Kitgum. Dkt. Nafuna amemwekea Saverio nafasi ya kupimwa Kampala Jumanne.

Na akikataa?

"Nitakaa pale kwake," Filda anasema, "mpaka achoke na mimi, apande basi."