Saa Iliyoachwa Ikosee

Verediana wa Kasulu ni fundi wa redio, na hasira zake zinajulikana mpaka stendi. Safari hii alikuwa na haki nazo. Mumewe, Raymond, mlinzi wa ghala moja Kibondo, alifukuzwa kazi kwa uchelewaji. Raymond, mtu anayefika kanisani kabla ya mwenye funguo! Mashine ya kusaini kwa kidole pale getini ilisema kachelewa, ikarudia kesho yake na keshokutwa, na wakubwa wakaiamini mashine. Baya zaidi, hata Raymond aliiamini. Alirudi nyumbani kichwa chini, akaenda kulima maharage Makere, akawa anaonekana Kasulu Jumapili tu.

Verediana alizijua mashine zile. Ndani mna chipu ndogo inayoshika saa hata umeme ukikatika. Chipu za bei chee hukimbia kidogo kidogo. Kwa siku huoni kitu, baada ya miezi mtu anafukuzwa kazi. Basi akatafuta chipu ya aina ileile, akaifungia kioo cha namba, akaiweka sawa na mlio wa taarifa ya habari redioni, akaipandisha juu ya kabati la fremu yake ya ufundi. Miezi minane hakuigusa. Wateja walimcheka, fundi gani ana saa mbovu, naye akawafokea. Alitaka ikosee yenyewe, wale wa Kibondo waione kwa macho yao. Kufika Agosti ilikuwa imeitangulia redio kwa robo saa.

Akawapigia simu mpaka wakamchoka. Mwisho wakakubali: Bwana Khatibu, ofisa utumishi, atapita Jumatatu kuiangalia hiyo saa, na kama kweli inakimbia, Raymond atarudi kazini. Verediana hakutaka kumpa mumewe matumaini ya bure. Alimwambia tu kwamba wakubwa wanakuja kuangalia saa, avae vizuri.

Jumatatu alitoka kununua maandazi ya mgeni. Aliporudi, gari lilikuwa linaishia barabarani kwa vumbi. Raymond alisimama mlangoni na shati lake la kanisani. Fremu ilikuwa imefagiwa.

"Ameshapita, mama Winnie. Kaiangalia, kailinganisha na ya mkononi mwake. Kasema saa yetu haina kosa hata la sekunde."

Verediana alitazama juu ya kabati. Saa na redio zilikuwa zinakwenda pamoja.

"Baba Winnie, nani kaigusa?"

"Mimi. Niliikuta inatangulia, nikairekebisha. Wangeikuta vile wangesema, ndiyo maana huyu alikuwa anachelewa, hata saa ya kwao mbovu."

Damu ilimchemka. Alifungua mdomo ammwagie yote, kabati, chipu, miezi minane. Halafu akauona uso wa mumewe. Ulikuwa umeinuka, mara ya kwanza tangu afukuzwe.

Akamkabidhi maandazi, akamwambia ale yangali moto. Akazunguka nyuma ya fremu, akaipiga teke ndoo ya maji mpaka ikapasuka.