Sanduku la Bwawa la Pili

Tangu masanduku yake ya samaki yafungwe vipimajoto vinavyotuma habari kwenye simu, mfugaji aliyepewa na majirani jina la Mama Mabwawa hakutulia tena. Gari la kupeleka samaki likishaondoka tu, alizunguka uani simu mkononi, akifuatilia kila sanduku: limetoka bwawa gani, limefika wapi, lina ubaridi kiasi gani.

"Mimi mumeo hujawahi kunifuatilia hivyo," mumewe alimtania.

"Wewe huozi," akajibu bila kuinua macho.

Asubuhi moja joto la sanduku la bwawa la pili likaanza kupanda. Akampigia dereva, simu ikaita weee, haikupokelewa. Akaketi, akainuka, akapiga tena. Joto likazidi. Akampigia mpishi wa hospitali aliyekuwa akisubiri mzigo.

"Sanduku lenye alama ya bwawa la pili usilipokee. Mengine yako salama."

"Mama, unakataa samaki wako mwenyewe?"

"Wanakwenda kuliwa na wagonjwa, mwanangu. Wakatae."

Dereva alirudi amenuna. Mfuniko ulikuwa umelegea njiani, barafu yote ikawa maji.

"Umenitia aibu mbele za watu," alifoka. "Ungesubiri nifike!"

"Nawe ungepokea simu."

Lakini Mama Mabwawa alipokuwa akiwafukia samaki wale, machozi yalimlengalenga. Aliwalisha kwa mkono wake tangu wakiwa vifaranga.

Safari iliyofuata alikaza vifuniko mwenyewe, akavikagua tena, kisha akapanda mbele kando ya dereva.

"Haya, twende," akasema.