Duka la Keziah Lilivyohamia kwa Haskett

Keziah Pruitt alikuwa mjane mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Hapa Pelton, kando ya Mto Ohio, alioka mikate na pai za matufaha, na mabaharia wa meli za mvuke walizinunua zingali moto. Duka lake lilikuwa kibanda cha mbao karibu na gati.

Aliyemchukia ni mmoja tu: Lemuel Haskett, seremala wa viti na majeneza, jirani yake upande wa chini wa mto. Siku moja alimfuata sokoni akilalamika kwamba moshi wa jiko lake Keziah unanukisha majeneza.

"Kwani wateja wako wamelalamika?" Keziah akamuuliza.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Haskett hakumsemesha mwaka mzima.

Aprili ya 1847 mto ukafurika, sote tukakimbilia mlimani. Maji yalipopungua, Keziah alishuka akakuta mawe manne ya msingi, basi. Akafuata matope mpaka akaliona bomba la jiko lake limechomoza nyuma ya ua wa Haskett. Duka zima lilikuwa limetua uani kwake, wima, hata sufuria zinaning'inia.

"Ondoa kibanda chako, Bi Pruitt!"

"Sikukileta mimi. Kauambie mto."

"Nitakibomoa!"

"Bomoa. Ila ngoja kwanza, unga wa rafu ya juu haujalowa, na watu hawajala tangu juzi."

Akawasha jiko. Kufika adhuhuri foleni ilikuwa imezunguka ua. Bibi vizee walichoka kusimama, Haskett akatoa viti huku akinung'unika. Keziah akampelekea pai, naye Haskett akaila amejificha nyuma ya mlango.

"Mdalasini haukutosha."

"Basi kesho usije."

Kesho yake alikuwa wa kwanza.

Mei walipatikana maksai wa kulikokota duka. Haskett akasema ardhi bado tope. Juni akasema maksai wamekonda. Vuli tukamkuta mwenyewe analijengea msingi.

Alimposa mara mbili. Mara zote mbili Keziah alicheka mpaka unga ukaruka.

"Tukioana nitagombana na nani, Lemuel?"

Haskett alifariki baada ya miaka ishirini na moja. Keziah akafunga duka wiki nzima. Tulipomuuliza, alisema jiko limeharibika. Jiko lilikuwa zima.