Majedwali ya Mkuu Kuwabara

Kuna watu ukiwapa ufagio wanafagia, na kuna watu ukiwapa ufagio wanaufunga utepe na kuutundika ukutani. Kuwabara Tadaomi, mkuu wa kitengo cha takwimu katika halmashauri ya mji wa Minanose, alikuwa mtu wa utepe.

Maisha yake ya kazi aliyamaliza akipamba majedwali. Kwake jedwali zuri ni lile ambalo likichapwa linaenea kwenye karatasi moja, mistari minene pembeni, myembamba katikati. Na pale jina la mtaa linapojirudia, anaunganisha visanduku viwe kimoja kirefu, jina likae katikati limestarehe. Basi serikali ilipoamuru kila mji uweke takwimu zake mtandaoni ili raia wazitumie wapendavyo, yeye aliyachukua majedwali yaleyale, akayapandisha na mapambo yake, kisha akapiga mhuri mwekundu kwenye karatasi ya kuthibitisha kwamba amepandisha.

Kila mwaka mkoa ulizipima tovuti za miji hiyo: kila moja ina mafaili mangapi, yanapakuliwa mara ngapi. Eti huko ndiko kupima ubora na matumizi! Kuwabara akaikatakata orodha ya vyoo vya umma, kila choo kikapata faili lake. Loo, tovuti ikanenepa! Na asubuhi, kabla hata ya chai, aliyapakua mwenyewe moja baada ya jingine. Mtu mzima, mvi kichwani, anajipigia makofi halafu anaona ameshangiliwa.

Siku moja alikuja Bi Onodera Chigusa, mwenye duka la dawa. Huyu alikuwa ametengeneza ramani ya simu inayowaonyesha watu vituo vya kujihifadhi wakati wa kimbunga, na ramani hiyo ilivuta orodha moja kwa moja kutoka kwenye tovuti ya mji.

"Samahani kwa usumbufu, Mkuu," alisema akiinama. "Ile orodha ya vituo, visanduku umeviunganisha. Sisi tunaona jina la mtaa limebeba vituo vyote, lakini mashine inalisoma kwenye mstari wa kwanza tu. Vinavyofuata inaviona havina mtaa, inaviacha."

"Basi kosa ni la mashine."

"Mimi hurekebisha kwa mkono, lakini mkigusa orodha tu, mambo yanarudi yaleyale. Ukiviachanisha visanduku..."

"Jina lijirudierudie kama kasuku? Dada, umewahi kuliona jedwali hilo likichapwa?"

"Nani anachapa, Mkuu? Watu wanatazama simu."

"Mkoa umetupa alama za juu kabisa. Wewe alama zako nani kakupa?"

Bi Onodera akainama zaidi ya mwanzo. "Haya, Mkuu. Mvua ikija tutajifunika hizo alama."

Wafanyakazi wakajitia kutafuta kalamu chini ya meza. Kuwabara akarudi kunyoosha mistari yake, na wiki ileile akaipandisha orodha upya, imependeza kuliko jana.

Kimbunga kilipiga mwanzoni mwa vuli. Kuwabara alikuwa zamu ofisini, ghorofa ya juu, anakula tonge lake la wali, mkewe Fusae alipopiga simu kutoka nyumbani, mtaa wa Shimonuma.

"Baba Kanae, maji yameingia ndani. Nimpeleke wapi mama?"

"Si utazame simu? Jasho langu lote limo humo!"

"Natazama. Inaonyesha ukumbi wa ng'ambo ya mto peke yake. Na mama anasema hapa karibu..."

"Mama anajua nini kuhusu orodha ya sasa? Fuata kilichoandikwa. Vukeni!"

Orodha ilikuwa pale mezani pake, imechapwa, inang'aa, jina la Shimonuma limestarehe katikati ya vituo vyake vyote. Hata kuinyooshea mkono hakuinyooshea. Kila mstari wake aliupima unene, na hakuwahi kuisoma. Tumwite nani huyu, mkuu wa takwimu? Mkuu wa kupaka rangi!

Maji yaliwakuta Fusae na mama mkwe wake darajani. Wazima moto waliwaopoa wote wawili, lakini mama alikuwa amekunywa maji machafu, na mapafu yake yakakataa kupona.

Kuwabara alifika hospitalini bado amevaa kitambulisho cha kazi shingoni. Mama akasogeza kidogo kifuniko cha hewa mdomoni.

"Tadaomi, shule uliyosoma, pale nyuma ya nyumba yetu, siku hizi si kituo tena?"

"Ni kituo, mama."

"Aa. Nilimwambia Fusae twende pale, kile kilima hakijawahi kufikiwa na maji. Akasema wewe umesema tuvuke." Akapumzika, akavuta hewa. "Nikamwambia basi, tuvuke. Mwanangu ndiye mwenye orodha. Hawezi kukosea. Ulituvushia nini, baba?"

Kuwabara akakinyoosha kitambulisho chake shingoni.

"Mjibu mama yako," alisema Fusae.