Kurasa Saba Zilizosainiwa Bila Kusomwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Chumba kina dirisha moja, meza moja na viti viwili visivyolingana kimo. Upande mmoja wa meza kuna cherehani ya miguu, na chini ya sindano yake shati jeupe la shule lenye mkono mmoja. Upande wa pili kuna daftari la mistari, kalamu mbili za wino na glasi ya maji.

"Mlango wa wodi ulikuwa wazi, mkato," anasema mwanamume aliyeelekeza uso dirishani. "Lakini hakuna aliyeingia, nukta. Aya mpya."

"Punguza mbio, Karani," anasema mkewe bila kuinua kichwa. "Mkono wangu haukufungwa mota."

"Mahakamani ningekuwa nimeshakufukuza kazi."

"Mahakamani ningekuwa nalipwa."

Leo ni mara ya tatu wanaianza upya sura ya kumi na nne. Mara mbili za kwanza, zote wiki iliyopita, waliishia sentensi ileile. Mhariri amewapa hadi mwisho wa mwezi. Zimebaki siku sita.

Mwanamume huyu ana umri wa miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa mahakama, kazi yake ikiwa kuandika kila neno lililosemwa na shahidi. Presha ya macho ilianza na jicho la kulia, ikahamia la kushoto, na akaondoka kazini miaka saba iliyopita. Sasa anachoweza kukitambua ni mwanga tu: anajua dirisha liko wapi, na anajua mtu akilikinga.

Riwaya aliianza miaka mitano iliyopita. Inamhusu karani wa mahakama anayeandika habari za watu wengine mpaka siku msiba unapoingia nyumbani kwake. Ina sura kumi na tisa, nazo zimejaza madaftari kumi na moja. Zote zimeandikwa kwa mkono wa mkewe.

"Nimeandika maneno ya wezi, ya mapolisi, ya watu waliogombana kwa sababu ya ukuta," anasema. "Miaka ishirini na miwili. Ukiyapekua makaratasi yale yote, hutakuta hata 'samahani' yangu moja."

Mkewe ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, kati ya ishirini na tano na thelathini kwa wiki, kwenye meza hiyohiyo. Wateja huanza kugonga mlango saa mbili. Kwa hiyo riwaya imeandikwa kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, siku sita kwa wiki, isipokuwa wiki ya kufungua shule, ambapo hakuna fasihi inayozungumzwa humu ndani.

Wateja humwita mume Mheshimiwa, wakimtania kwa kazi yake ya zamani. Huuliza kesi zao zitasikilizwa lini, wakimaanisha nguo zao. Naye huwajibu kwamba zimeahirishwa.

Wenyewe kwa wenyewe, mume humwita mkewe Fundi, na mke humwita mumewe Karani. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Walikuwa na binti mmoja, na kama wazazi wengi walikuwa wakiitana kwa jina lake, Baba fulani na Mama fulani. Binti alifariki miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa na miaka sita, siku ya nne wodini, kwa homa ya uti wa mgongo. Hawakukubaliana kuacha kuitana hivyo. Waliporudi kutoka makaburini, mume aliomba maji ya kunywa, akafungua mdomo kumwita mkewe, jina likamkwama.

"Nikasema, 'Fundi, nipe maji,'" anakumbuka. "Akanipa."

Sura ya kumi na nne ndiyo inayoeleza kifo hicho.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kujua utaratibu wa nyumba hii, ambao umetoka mahakamani moja kwa moja. Shahidi akimaliza kutoa maelezo yake, husomewa yote yaliyoandikwa. Akiridhika, ndipo anaposaini au kuweka dole gumba. Hapa pia, ukurasa ukijaa, mke huusoma kwa sauti. Mume akiridhika, mke hukishika kidole chake na kukiweka chini kabisa ya ukurasa, naye husaini hapo. Madaftari yote kumi na moja yana saini hizo, nyingine zimepinda, nyingine zimetoka nje ya karatasi.

Je, kwa nini hatumii simu kujirekodi? Alijaribu kwa wiki mbili. "Simu haikuulizi kitu," anasema. "Unaweza kuiambia upuuzi mtupu ikanyamaza. Huyu nikisema upuuzi, anaguna."

"Siku nyingine naguna kwa sababu ya mgongo," mkewe anasema.

Siku ya sura ya kumi na nne, mwaka juzi, karani alizungumza kwa haraka, uso wake ukiwa ukutani. Alikuwa akisikiliza kalamu, kama afanyavyo siku zote, na kalamu ilikuwa ikitembea. Alipomaliza hakutaka kuyasikia tena aliyoyasema.

"Leo usisome," alimwambia mkewe. "Nionyeshe tu pa kusaini."

Alisaini kurasa saba.

"Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumruhusu shahidi asaini bila kusomewa," anasema sasa. "Hata mlevi. Hata aliyekuwa analia. Nilisubiri anyamaze, nikasoma. Kosa ni langu."

Mwanzoni mwa mwaka huu, madaftari yalipelekwa kwa mchapaji wa duka la steshenari, akayachapa kwa kompyuta kama yalivyo. Siku mke alipoenda kuchukua kazi, mchapaji alimwambia kwamba sura ya kumi na nne ilimtoa machozi. Mke alishukuru, akachukua bahasha na kuondoka haraka, akiacha mwavuli wake kaunta. Hajaurudia mpaka leo.

Nyumba moja ya uchapishaji haikujibu. Ya pili ilirudisha bahasha ikiwa bado imefungwa. Ya tatu, ndogo, yenye wafanyakazi wanne, ilisoma. Mwezi uliopita mhariri alipiga simu mchana mmoja wakati mke ameenda kununua vifungo.

Karani anayakumbuka mazungumzo hayo neno kwa neno, kama inavyotarajiwa.

"Mzee wangu, kitabu tunakitaka. Ila nina swali. Huyu binti akishaamka pale wodini na kuuliza habari ya cherehani, anaenda wapi? Sura tano zinazofuata simwoni."

"Binti gani aliamka?"

"Huyu wako. Si anafumbua macho, anasema, 'Mama, mbona cherehani imenyamaza?' Mzee wangu, kusema kweli ndiyo sura bora kuliko zote."

Karani alisema atapiga baadaye. Aliweka simu pembeni mwa meza, ikaanguka. Kioo chake kina ufa hadi leo.

Habari ya cherehani ni ya kweli. Binti yao alikuwa halali bila mlio wake. Jioni mama alimlaza kwenye mkeka karibu na miguu ya cherehani na kushona mpaka alale. Akisimama kubadilisha uzi, mtoto aliamka na kulalamika. Katika zile kurasa saba, mama ameandika kwamba kimya cha wodi ndicho kilichomwamsha.

"Nilianza kuandika alivyosema," anaeleza mke, akichomoa pini moja baada ya nyingine kutoka kwenye kola na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji. "Mistari miwili. Mkono ukagoma. Nikajua nikiuacha usimame, atasikia kalamu imesimama. Basi nikaandika kingine."

Anachomeka pini ya mwisho.

"Mimi ni fundi. Mteja akiniletea kitambaa chenye tundu, siwezi kumshonea tundu."

Aliporudi na vifungo na mumewe kumuuliza, hakukana. Kwa siku nne hawakuzungumza zaidi ya mambo ya chumvi na funguo. Siku ya tano mume alimwambia azichome moto zile kurasa, kisha waanze upya.

Kumtafuta mtu mwingine wa kumwandikia, karani hakukubali. Mpwa wake, mwalimu wa shule ya msingi, alijitolea. "Huyo ataandika vizuri kabisa," karani anasema. "Hakuwepo. Ataandika kama anaandika hesabu."

Jua sasa limefika mezani. Mume anaijua nafasi yake kwa joto la mkono. Anaendelea kutamka, polepole kuliko alivyoanza. Vitanda kumi na viwili, vinne vikiwa na watoto wawili wawili. Chupa ya maji inayoning'inia kwenye msumari. Nesi aliyevaa sweta juu ya sare.

"Saa tisa na dakika kumi alasiri, nesi aliuachia mkono wa mtoto na kutazama saa yake, nukta. Mtoto alikuwa ameacha kupumua, nukta."

Kalamu inasimama.

Hapa ndipo mara mbili zilizopita mke aliinuka, akakaa kwenye cherehani na kushona hadi wateja walipokuja. Leo hainuki. Nje mtu anaburuta ndoo kwenye saruji. Kisha kalamu inaanza tena.

Kwenye daftari, mwandiko wa sentensi hiyo ni sawa na wa sentensi nyingine. Hakuna neno lililoongezwa.

"Sasa nasoma," mke anasema.

"Soma."

"Na utasikiliza mpaka mwisho. Leo hakuna cha 'leo usisome.'"

Anasoma kwa sauti anayotumia kusoma vipimo vya kifua na kiuno. Mume amekamata ukingo wa meza kwa mikono miwili. Sentensi ya mwisho inapofika anainua kidole.

"Rudia hapo."

Anarudia.

Mume ananyoosha mkono. Mke anakiweka kidole chake chini ya ukurasa, naye anasaini. Inamchukua muda, na anapomaliza anabaki na kalamu mkononi.

"Zile saba ulizichoma?"

"Ziko kwenye droo ya cherehani. Chini ya zipu."

"Nilijua. Karatasi ikichomwa humu ndani ningesikia harufu. Zilete."

Mke anazitoa na kuzilaza mbele yake. Zimekunjwa mara mbili, na mafuta ya cherehani yameingia kwenye pembe moja. Mume anazipapasa kama anayezihesabu.

"Hizi zina saini yangu na maneno si yangu," anasema. "Mahakamani hiyo ni kesi. Lakini mashahidi wawili wakisema tofauti, karani hachagui. Anawaandika wote wawili, kila mmoja na saini yake. Zitaingia kitabuni baada ya zangu. Shahidi wa kwanza, shahidi wa pili. Huyo mhariri akiuliza mtoto alienda wapi, jibu liko kwenye kurasa zilizotangulia."

"Mimi sikuitwa kutoa ushahidi."

"Nakuita sasa." Anageuza ukurasa wa kwanza upande wa nyuma, ambao ni mweupe, na kuweka ncha ya kalamu juu yake. "Jina la shahidi?"

"Karani, acha mchezo. Shati hili linasubiriwa."

"Jina la shahidi?"

"Unalijua."

"Karani haandiki anachokijua. Anaandika anachoambiwa."

Mke anatazama dirisha, kisha droo iliyo wazi. Halafu anajibu. Anataja neno Mama, na baada yake jina la mtoto, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu kwenye dirisha la ofisi.

Ukiacha saini, mume anaandika mwenyewe kwa mara ya kwanza katika miaka saba. Herufi ni kubwa, zinapanda kuelekea juu, na mbili za mwisho zimelaliana. Lakini zinasomeka.

Mpango wao ni kuipeleka sura hiyo kwa mchapaji kesho, na kuituma Ijumaa. Mhariri hajaambiwa kwamba ataletewa kifo na uzima wa mtoto mmoja katika sura moja. Anaweza kukataa, na nyumba ya nne ya uchapishaji hawaijui.

"Akikataa, atakuwa amekataa mashahidi wawili," mume anasema. "Kukataliwa peke yangu nimeshazoea."

Kisha anaisogeza kalamu kwa mkewe. Mke haichukui.

"Shahidi husomewa kwanza," anasema. "Ndivyo ulivyonifundisha. Na wewe hizi hujawahi kuzisikia."

"Mimi siwezi kukusomea."

"Najua. Nitajisomea. Wewe sikiliza."

Anazikunjua karatasi na kuzinyoosha kwa kiganja, kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukikata. Anaanza. Sauti si ile ya vipimo. Kwenye ukurasa wa pili mtoto anafumbua macho. Mume ameinamisha kichwa, sikio moja limeelekea kwenye karatasi.

Mlango unagongwa. Ni saa mbili kasoro dakika tano. Mwanamke mmoja anachungulia, begi begani.

"Hodi humu! Mheshimiwa, kesi ya suruali ya mwanangu vipi? Tangu Jumatatu!"

"Imeahirishwa," mume anasema bila kugeuka.

"Mpaka lini tena, jamani?"

"Mpaka shahidi amalize."