Herufi Tupu kutoka Dar

Nilikuwa nyumbani Gongoni, Tabora, nikisubiri mchoro wa vinasaba kutoka kwa mwenzangu wa Dar. Tulikuwa tunabuni bakteria watakaobadilika rangi wakikuta sumu ya ukungu kwenye karanga. Faili lilipofika, programu yangu ilionyesha herufi tupu za DNA. Maelezo ya kazi ya kila kipande yalikuwa yamepotea.

Nikampigia. "Kaka, sioni kipande cha kuwasha rangi kinaanzia wapi."

"Mbona kwangu linafunguka vizuri, dada?"

"Kwako! Si nilikuomba tukubaliane juu ya aina moja ya faili, inayofunguka kwetu sote?"

Akanitumia picha ya skrini yake. Nilitaka kulia; picha haiingizi maelezo kwenye programu. Nikaanza kuweka alama upya, kipande kwa kipande, kazi ambayo yeye alishaimaliza.